Meza ya Mkorosho

Vijana wangu wa karakana, mliniomba niandike. Zuhura ndiye aliyeniletea daftari hili, akaliweka mezani na kuniambia, "Mama Tunu, sasa huna kisingizio, umestaafu." Kweli nimestaafu. Hii ni wiki ya tatu, na bado naamka saa kumi na moja alfajiri, navaa, natafuta miwani yangu ya kuchomelea, halafu nakumbuka kwamba siendi popote. Basi naandika.

Sitawaandikia nani alipandishwa cheo, maana kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, Mwalimu na sisi wengine. Mshahara nao tuuache upumzike, ulichoka mapema. Nitawaandikia jinsi tulivyotengeneza magari hapa Lisekese. Nimesema kutengeneza, sio kukarabati. Najua baadhi yenu mnaposikia hivyo mnatazamana na kucheka chini chini mkidhani bibi ameanza. Nitaandika pia jambo moja nililolinyamazia kwa miaka saba, ambalo naamini ndilo lililomnyima Mwalimu Barnaba kitu alichokitaka kuliko vyote. Nacho kilikuwa kidogo sana: kwamba kwenye kadi ya gari, pale panapoandikwa gari hili ni la aina gani, pawe pameandikwa Mkwezi.

Mkwezi ndilo jina la gari letu. Mwalimu Barnaba alilitoa yeye, kwa sababu alitaka gari ambalo mkulima wa kawaida angeweza kulimudu na ambalo lingekwea kutoka Masasi hadi Newala juu na mzigo wake bila kusimama njiani kulilia maji. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha fizikia na ufundi miaka mingi kwenye shule ya misheni. Baba yake alikuwa katekista, na nadhani Mwalimu naye alirithi ile hali ya kuamini kitu kabla hakijaonekana. Aliacha shule, akachukua ghala la zamani la korosho hapa Lisekese, akalifagia mwenyewe, akabandika mlangoni karatasi inayosema anatafuta mafundi.

Mimi kwetu ni Chilangala. Kuchomelea nilijifunza kwa kaka yangu, Newala mjini, tulikuwa tunatengeneza mageti na vitanda vya chuma. Nilipofika pale ghalani mwanangu Tunu alikuwa mgongoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Umemfuata nani?"

"Nimefuata kazi."

"Ya kutupikia?"

"Ya kuchomelea. Mkitaka mpikiwe, tafuteni mtu mwingine, mimi ugali wangu una mabonge."

Hakucheka. Akanipa mabomba mawili ya chuma na rodi tatu za kuchomelea, akaniambia niyaunge. Nikayaunga Tunu akiwa amelala kwenye gunia pembeni. Nilipomaliza, Mwalimu akafunga kamba huku na huku, akalitundika lile bomba kwenye boriti ya paa, kisha akalikalia. Mwalimu Barnaba wa wakati ule alikuwa mtu mzito. Akatoa kwenye mfuko wa shati ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, akaila yote akiwa anabembea taratibu juu ya kazi yangu, na alipomaliza kutupa maganda akasema, "Njoo kesho." Kila mchomeleaji aliyekuja baada yangu alikaliwa hivyo hivyo.

Mtu wa pili mnayetakiwa kumjua ni Mzee Ausi. Alikuwa seremala na mchongaji kutoka Newala, mwembamba, mchache wa maneno, na alichukia moto. Mtu anayechukia moto kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchomelea ni mtihani, lakini Mwalimu alimhitaji. Injini tulikuwa tunatumia zile za dizeli za mashine za kusaga, zenye silinda moja. Gia boksi na difu tulizitoa kwenye magari mabovu. Chesisi ndiyo ilikuwa yetu wenyewe, na chesisi haiwezi kuungwa hewani. Inataka meza ya kuilaza, yenye vishikio vya kubana kila bomba mahali pake, ili gari la leo lifanane na la kesho. Wenye viwanda huwa na meza ya chuma. Sisi chuma cha namna ile hatukuwa nacho, kwa hiyo Mwalimu akaamua iwe ya mbao, na Mzee Ausi aitengeneze.

Mzee Ausi akasema mninga. Mwalimu akasema mkorosho.

Nilikuwepo. Mzee Ausi alimtazama Mwalimu kama aliyesikia vibaya. Mkorosho, wote mnajua, ni wa korosho, wa mabibo na wa kivuli. Kwa mbao unatengenezea kreti za soda. Lakini Mwalimu alikuwa na mkorosho mmoja mkubwa uliokatwa kwenye shamba la baba yake. Yule katekista aliupanda mwaka aliozaliwa Mwalimu, na ulipozeeka ukaacha kuzaa, aliuangusha mwenyewe, akampa mwanawe mbao zake kwa ajili ya kiwanda. Mwezi uliofuata akafariki.

"Mwalimu," Mzee Ausi akasema, "mti huu nnaujua. Mlaini."

"Twende nikuoneshe kitu," Mwalimu akamjibu.

Wakaenda wawili. Waliporudi Mzee Ausi akachukua randa na kuanza kazi. Nilipomuuliza alioneshwa nini, akasema, "Kaburi." Ndipo mbao zikapangwa ubavu kwa ubavu, zikabanwa, vishikio vikafungwa kwa bolti pembeni, na mahali pote ambapo cheche zingeanguka tukapigilia vipande vya bati. Ilikuwa meza nzuri kwa macho, siwezi kusema uongo.

Mwalimu akawa na desturi. Kila asubuhi kabla ya kazi tulisimama kuizunguka ile meza, Waislamu na Wakristo, kila mtu na dua yake kimya kimya, naye aliweka kiganja chake juu ya ule mti mpaka amalize. Hakusema anafanya nini wala hakuna aliyemuuliza. Mzee Ausi alikuwa anasimama upande wa pili na ndoo yake ya mchanga, akingojea tumuunguzie meza.

Mkwezi wa kwanza alitoka kiangazi kile, amepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya shule. Alikuwa na milango miwili midogo, karai la mzigo nyuma, na turubai juu. Tulimpakia magunia tukaenda naye Newala. Mwalimu akaendesha, mimi pembeni, Mzee Ausi nyuma juu ya magunia kwa sababu alisema akifa afie mahali anapoweza kuruka. Kwenye mpando nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Injini ikanguruma ile sauti yake ya mashine ya kusaga, na wanawake njiani wakatoka na ungo kuangalia mashine mpya imejengwa wapi. Tukafika juu. Mwalimu akazima injini, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya gari peke yake kwa muda. Alikuwa analia, nami nikajifanya ninakagua matairi.

Sasa nije kwenye masika ya pili. Hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Tulikuwa na gari mezani, chesisi imekwisha, bodi imesimama, mimi nafunga milango. Milango tuliikata mapema kwa kipimo kimoja na kuipanga ukutani. Nikaubandika wa kulia, ukaacha nafasi. Nikaubandika wa kushoto, nao vile vile. Nikajilaumu, nikadhani nimeacha bomba likacheza wakati wa kuunga. Nikapima chesisi, nikakuta imezidi kipimo kwa nusu inchi nzima. Nikapima tena nikiomba tepu iwe na makosa.

Mzee Ausi alikuwa ananitazama. Akaja, akapitisha ukucha wake kwenye ile nafasi ya mlango. Ndivyo alivyopima kila kitu, na ndivyo alivyonifundisha: macho yakichoka, ukucha hauchoki. Kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye meza, akailaza tepu kutoka kishikio mpaka kishikio.

"Umeona?" akasema. "Mti umekunywa."

Mvua ilikuwa imeanguka mwezi mzima. Mbao za mkorosho zilikuwa zimevuta maji kutoka hewani na kuvimba, na vishikio vyetu vimesukumwa nje navyo. Kiangazi zingekauka zirudi.

"Tumwambie Mwalimu," nikasema.

"Kamwambie wewe. Mie nilisema mninga, nikaoneshwa kaburi."

Nikafuta mikono, nikaenda. Mwalimu alikuwa na wageni wawili wa kanisani, amewasimamisha mlangoni anawaonesha meza kwa mbali. "Ule mti," alikuwa anawaambia, "baba aliupanda nilipozaliwa. Sasa unazaa magari." Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata barua kutoka kwa mtu aliyemkosa siku nyingi. Akageuka akaniona. "Mama Tunu, kuna nini?"

"Rodi zinakaribia kwisha, Mwalimu," nikasema.

Rodi zilikuwepo maboksi mawili.

Siku ile niliamini nimemfanyia wema, na sehemu ya moyo wangu inaamini hivyo mpaka leo. Mimi na Mzee Ausi tukatafuta njia yetu. Tuliacha kukata milango mapema. Kila gari tulilikatia milango yake, likiwa limesimama, kwa tupa na ukucha, na ndani ya kila mlango nikaandika kwa chaki ya mafuta herufi moja, M ya masika au K ya kiangazi. Mtu akija kutaka kioo au mlango mwingine, nilimuuliza tu, "Lako la masika au la kiangazi?" Baadaye wateja wakashika. Wakadhani ni matoleo mawili! Wengine wakawa wanaagiza kabisa. Wa kiangazi walisema gari lao limebana, linakwea vizuri zaidi. Wa masika walisema lao lina nafasi. Mwalimu aliposikia akadhani ni utani wa wakulima, akacheka nao.

Mama Asumini wa Chilangala alikuwa wa masika. Mjane, ana mikorosho yake na ulimi wa kumtosha mkutano mzima. Alifika ghalani akapiga teke matairi ya magari yote yaliyokuwepo, akasema, "Nataka hili la mvua. Mimi na binti zangu wawili tukae mbele, sio tukunjane kama nguo." Alibebea korosho wakati wa msimu, na miezi mingine alishusha mapipa bondeni na kupandisha maji, akiwauzia hata waliomcheka siku aliyolinunua. Mliowahi kufika kwetu juu mnajua maji ni nini.

Hiyo ndiyo ilikuwa miaka yetu mizuri. Tulifika watu kumi na wanane kazini. Msimu wa korosho ukifunguliwa, tulisimama barabarani kwa makusudi tuhesabu Mkwezi wangapi wanapita kwenda ghala la ushirika. Tulijua kila mmoja alizaliwa lini na nani alikuwa anaumwa siku ile. Lakini yote yalitembea kwa barua. Ofisi zilikuwa zinatupa barua kwamba hivi ni vyombo vya majaribio, viruhusiwe kubeba mazao wilayani, na kila barua ina mwisho wake. Mwalimu alizitunza kwenye faili na kuzichukia. "Mtoto hawezi kuishi kwa barua," alisema. "Anataka cheti." Akaandika huku na huku miaka na miaka, hadi hatimaye tukajibiwa kwamba mkaguzi atakuja kutoka Dar es Salaam. Ataangalia magari mawili. Akiridhika kwamba ni gari moja lililotengenezwa mara mbili, basi Mkwezi ataandikishwa kama aina ya gari, na kadi zitatoka na jina lake.

Magari mawili yanayofanana. Mimi na Mzee Ausi tulipoisikia hiyo barua ikisomwa, hatukutazamana.

Bado tungeweza kuokoka. Yalikuwepo uani magari mawili ya masika yale yale, yamefuatana, ndugu wa tumbo moja. Lakini asubuhi ya ukaguzi Mwalimu alikuja na suti yake ya harusi za watu, akasema ameamua. Atamwonesha mkaguzi Mkwezi wa kwanza kabisa, yule wa kijani tuliyekwenda naye Newala, na wa mwisho aliyetoka wiki ile. "Aone kwamba hatujatetereka tangu mwanzo," akasema. Wa kwanza alikuwa K. Wa mwisho M, maana mvua ilikuwa imeshika hasa.

Mzee Ausi wakati huo alikuwa anaumwa kifua, anakuja kazini kukaa tu. Akanivuta kanga. "Mama Tunu. Leo sema."

Nikaenda mbele ya Mwalimu. Nisikilizeni vizuri hapa. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, meza inavimba, tumekuficha. Nikasema hivi: "Mwalimu, kwa nini tusichukue haya mawili ya juzi? Rangi yake bado mpya."

Akacheka. "Mama Tunu, mkaguzi hakagui rangi."

Nikanyamaza. Miaka saba ya kunyamaza inakufundisha kunyamaza hata siku usiyotaka.

Mkaguzi alikuwa mhandisi, msichana ambaye angekuwa mdogo wangu wa mwisho, mpole, ana tepu yake mwenyewe. Akapima gari la kijani, akaandika. Akapima jipya, akaandika, akatazama alichoandika, akarudi kupima tena. Halafu akaomba tumfungulie mlango wa gari la kwanza tuufunge kwenye la pili, na wa la pili tuufunge kwenye la kwanza. Nikafungua bolti kwa mikono yangu. Mlango wa kijani ukakaa kwenye gari jipya ukiacha nafasi ya kupitisha kidole. Mlango mpya kwenye gari la kijani ukakataa kuingia kabisa.

Mwalimu akausukuma. Akausukuma kwa bega. Akachukua nyundo ya mpira, akaanza kuugonga pembeni, taratibu, huku anatabasamu kwa mgeni. "Unaingia," akawa anasema. "Huwa unaingia." Watu kumi na wanane tumesimama pale. Yule binti akaja akamgusa mkono.

"Baba," akamwambia, "usiupige."

Hakutudharau. Alisema kila gari peke yake ni zuri, na kwamba mafundi waliolifunga wana mikono. Alisema tatizo ni kwamba tumetengeneza magari mengi, kila moja na lake, na yeye hawezi kuyaandika jina moja. Tutengeneze meza ya chuma, tumwite tena. Akaondoka.

Mwalimu akavua koti la suti, akaomba tepu. Akaenda kwenye meza ya mkorosho, akapima. Akatoa kwenye faili mchoro wake wa mwanzo, akalinganisha. Nilisimama nyuma yake.

"Tangu lini?" akauliza bila kugeuka.

"Masika ya pili, Mwalimu."

"Na wewe, Mzee Ausi?"

"Mie tangu napanga mbao."

"Mbona hamkuniambia?"

Mzee Ausi ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake ya kifua kibovu. "Kila asubuhi ulikuwa unaishika," akasema.

Mwalimu akakaa chini kwenye ndoo ya mchanga. Hakutugombeza. Ningependa angetugombeza. Akasema tu kwamba mvua itanyesha tena, tuingize magari ndani, nasi tukayaingiza.

Meza ya chuma tuliitengeneza. Ilituchukua miezi minne ya kuokota na kunyoosha, na ilikuwa imenyooka kweli kweli. Juu yake tukatengeneza Mkwezi wawili. Siku tulipomaliza wa pili, Mwalimu akaniambia nibadilishane milango. Nikafungua, nikafunga, huku na huku. Yote minne ikaingia na kujifunga bila kuguswa na tupa. Nilipitisha ukucha nisipate nafasi hata ya karatasi. Tulikuwa watu watano tu siku hiyo, na hakukuwa na mkaguzi wa kuona.

Kwa sababu wakati sisi tunanyoosha chuma, barua ya mwisho ilikuwa imekwisha muda, na hatukupewa nyingine bila ukaguzi. Ukaguzi tuliuomba. Yule binti alikuwa amehamishwa, na aliyekuja kwenye kiti chake alitaka maombi yaanze upya. Na msimu ule ule ndipo guta za injini, zile za mizigo zenye magurudumu matatu, zilipoingia Masasi kwa wingi, zinashushwa kutoka kwenye malori zikiwa ndani ya maboksi, vipuri vyake viko kila duka, kadi zake zinatoka siku hiyo hiyo. Mkulima utamwambia nini? Hata mimi ningenunua. Mafundi wakaondoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga kwa aibu, wengine wakiaga mno. Mzee Ausi alifariki kiangazi. Tulimzika Newala, na Mwalimu aliingia kaburini kumpokea pamoja na wana wa marehemu, yeye mtoto wa katekista.

Baadaye Mwalimu akalipaka chokaa jina la Mkwezi lililokuwa ukutani na kuandika juu yake maandishi mnayoyajua ninyi: matengenezo ya guta na pikipiki. Mkono wake mwenyewe ndio ulioandika. Hapo ndipo mlipoanza kuja ninyi, na mimi nikawa bibi wenu wa kuwafokea kuhusu miwani. Zile mbao za mkorosho hakuna aliyethubutu kuzichoma. Ndiyo lile benchi mnalokalia kunywa chai.

Mwalimu mnamjua kama mzee anayekuja Ijumaa kukaa kwenye kiti cha plastiki, macho yameingiwa na ukungu, anawatambua kwa sauti. Miaka yote hiyo mimi na yeye hatukuwahi kulizungumza lile jambo. Tuliulizana hali, wajukuu, mvua. Sasa nimalizie na siku yangu ya mwisho kazini, ambayo wengi wenu mlikuwepo lakini hamkujua mnachokiona.

Ilikuwa Ijumaa. Mlikuwa mmeninunulia keki, mkaificha mahali ambapo kila mtu aliiona. Tukasikia kitu kinanguruma barabarani. Mwalimu akainua kichwa kabla yetu wote.

"Hiyo siyo guta," akasema.

Akaingia uani Mkwezi wa Mama Asumini. Turubai hakuna, rangi hakuna, mlango wa dereva umeoza na kufungwa kwa kipande cha kitenge. Mama Asumini akashuka, amezeeka na ulimi haujazeeka. "Nimeshuka nalo kutoka Chilangala hadi hapa," akasema, "breki zipo, nyie mnaocheka. Nataka mlango. Wewe Mama Tunu nasikia unakimbia kazi leo, basi utakimbia ukishanifungia mlango wangu."

Zuhura akachukua karatasi ya kazi na kalamu. Mimi nikachukua tepu. Mwalimu akaomba asogezewe kiti, mkamsogeza hadi ubavuni mwa gari. Akaweka kiganja chake kwenye bodi, vile alivyokuwa akikiweka kwenye ule mti. Nikashindwa kujizuia.

"Mwalimu, nisamehe," nikasema. "Ningekwambia mapema, leo haya yote yangekuwa na kadi."

Kiganja kilibaki pale pale kwenye bodi.

"Ungeniambia ningekufukuza," akasema. "Wewe na Ausi. Kwa mti ule nilikuwa sisikii la mtu. Ningewafukuza, na gari la Mama Asumini lisingezaliwa."

Nimelifikiria jibu hilo wiki tatu nzima. Alilitoa haraka, kama mtu aliyelitayarisha zamani. Pengine ndivyo ilivyokuwa. Pengine alinifichia, kama mimi nilivyomwambia habari za rodi siku ile mlangoni. Sitajua. Ninachowaomba ninyi ni kitu kimoja: mkubwa wenu akikosea, mwambieni siku hiyo hiyo, kwa adabu, na mumwambie chenyewe, msimwambie rangi.

"Haya pima," Mwalimu akasema. "Inasoma ngapi?"

Nikalaza tepu kwenye nafasi ya mlango. Yeye hawezi kuisoma tena, na ninyi mlikuwa mnaangalia keki. Ningeweza kumtajia namba yoyote.

"Imezidi kwa nusu inchi, Mwalimu. Ni la masika."

Akapapasa mpaka akaipata kona, akapitisha ukucha. "Imezidi," akasema. "Zuhura, andika hivyo."

Zuhura akaandika. Kisha akauliza, maana karatasi ya kazi ina mahali pake, "Hapa kwenye aina ya gari, niandike nini?"

Mwalimu akalitaja jina, pole pole, akimtajia herufi moja moja mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akaomba ile karatasi. Akaishika kwa mikono miwili karibu na uso, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlangoni, akaigeuza tena. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama Tunu," akaniuliza, "ameandika kweli?"

"Ameandika, Mwalimu," nikamwambia, na alikuwa ameandika.